KILINDI, LIKO NA HORI: MANENO YA KUTAJA MAJI YA NDANI KATIKA KISIWA CHA MVITA

1. Utangulizi

Majengo ni mtaa wa kisiwa cha Mombasa ulio mbali kidogo na ukingo wa bahari. Mashariki yake uko Mji wa Kale pamoja na bandari ya majahazi; kusini-magharibi iko Kilindini; kaskazini yamepita maji yaitwayo Tudor; na upande wa Makupa iko njia itokayo kisiwani kwenda bara. Mkaazi wa Majengo akitaka kuyaona maji hana budi kutoka mtaani kwake, ijapokuwa mwendo wenyewe si mrefu. Hata hivyo, tangu mtaa huo ulipoanza kukua baina ya vita vikuu viwili vya dunia, wengi wa wakaazi wake wamepata riziki yao majini: kupakia na kupakua shehena, kuendesha tishali, kuvusha watu, kuvua na kuuza samaki. Ni mtaa wa nchi kavu unaolishwa na bahari.

Jina la mtaa huo ni nomino ya kawaida iliyogeuka kuwa jina la mahali, na miji mingi ya Afrika ya Mashariki inayo Majengo yake: Nairobi, Moshi, Dodoma na kwingineko. Jina hilo lataja kazi ya mikono ya watu juu ya ardhi. Majina yaliyouzunguka mtaa huo katika kisiwa cha Mvita ni ya namna nyingine. Kilindini na Likoni yanataja hali ya maji na matumizi yake, nayo pia yalikuwa nomino za kawaida kabla ya kuwa majina. Tofauti ni kwamba msemaji yeyote wa Kiswahili husikia jengo ndani ya Majengo, lakini si kila msemaji asikiaye kilindi ndani ya Kilindini, wala liko ndani ya Likoni.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno ya Waswahili wa Mvita ya kutaja maji ya ndani, yaani maji ya bahari yaliyoingia nchi kavu au yaliyokingwa na kisiwa na mwamba, hayakuyagawa maji hayo kwa umbo lionekanalo katika ramani. Yaliyagawa kwa kazi ambayo chombo na mtu waliweza kuifanya humo. Mgawanyo huo ulifichika kidogo kidogo ndani ya majina ya mahali, na Kiswahili Sanifu kikabaki na maneno machache ambayo mipaka yake haiko wazi. Jambo hili si la udadisi mtupu. Mtungaji wa kamusi, mwalimu wa jiografia na mfasiri wa hati za bandari hukutana nalo kila mara, na kila mmoja hulitatua kwa njia yake.

2. Maji yenyewe

Neno haliwezi kufahamika vema bila ya kitu kinachotajwa. Kisiwa cha Mombasa kimekaa katikati ya mabonde mawili ya kale. Katika zama ambazo usawa wa bahari ulikuwa chini kuliko ulivyo leo, mito ya bara ilichimba mabonde hayo ndani ya mawe ya matumbawe na ya udongo mgumu. Bahari ilipopanda ikayafunika. Bonde la kaskazini ndilo maji ya Tudor, ambamo huingia mito ya Kombeni na Tsalu wakati wa mvua. Bonde la kusini-magharibi ndilo Kilindini pamoja na Port Reitz, ambamo huingia mito ya Mwache na Cha Shimba. Mtwapa na Kilifi, kaskazini mwa Mombasa, ni mabonde ya asili hiyo hiyo.

Mambo matatu huyatawala maji haya. La kwanza ni kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua tofauti baina ya maji makavu na maji yaliyojaa huzidi meta 3, hata mahali palipopitisha jahazi asubuhi huwa tope tupu jioni. Mahali pa namna hiyo, palipo na chumvi na mikoko, huitwa wangwa. La pili ni upepo. Kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka na kaskazi huvuma tangu karibu na Desemba hadi Machi. Nahodha huchagua mahali pa kutia nanga kwa kutazama mahali hapo pamekingwa na upepo gani. La tatu ni mwamba ulioko nje, ambao huvunja mawimbi kabla hayajafika kisiwani na huacha njia chache tu za kupitia. Njia hizo huitwa milango.

Lugha ya watu waliokaa mahali kama hapo kwa karne nyingi haikuweza kuridhika na neno moja. Katika Aprili 1498 Vasco da Gama alipofika mbele ya Mombasa, alitia nanga nje asithubutu kuingia mara moja, na alipojaribu kuingia siku chache baadaye vyombo vyake viligongana. Aliyekuwa na elimu ya kuingia alikuwa rubani wa pale pale, na elimu yake ilihifadhiwa ndani ya maneno: mlango uko wapi, kilindi kimeelekea wapi, fungu limejificha wapi, liko lifaalo ni lipi.

Hapa yafaa kueleza tumizi moja la neno mto ambalo huwashangaza wageni. Waswahili wa pwani hii huita mto hata maji ya chumvi yaingiayo ndani ya nchi, na neno hilo limesalia katika majina kama Mtopanga katika upande wa Kisauni. Mwalimu wa jiografia aweza kudhani kwamba hili ni kosa, kwa kuwa mto, kwake yeye, ni maji matamu yanayoteremka. Lakini msemaji wa pwani alitazama bonde lote pamoja. Kwake hapakuwa na mstari wa kutenga mahali ambapo Kombeni ilikoma na bahari ikaanza. Chombo kilichoingia na maji ya kujaa kiliendelea mpaka mahali ambapo tope lilikizuia. Elimu ya miamba imekuja kuthibitisha kwamba bonde hilo kweli ni bonde la mto.

3. Kilindi, liko na kivuko

Kilindi ni mahali pa bahari penye kina kirefu. Umbo lake lalingana na lindi, yaani shimo refu, na jina kama hilo liko pia kusini mwa Tanzania katika mji wa Lindi, kwenye mlango wa mto Lukuledi. Kwa kuongezwa kiambishi cha mahali, kilindi kikawa kilindini, yaani mahali penye kilindi. Neno hili halisemi kama maji hayo ni mapana au membamba, wala kama yamezungukwa na nchi pande mbili au tatu. Lasema jambo moja tu ambalo mwenye chombo kizito alitaka kulijua.

Kutokana na mahali hapo lilipatikana jina la watu. Wenyeji wa kale wa Mombasa hujipanga katika Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Orodha hii hutazamwa kwa kawaida kuwa ni habari ya nasaba na siasa, na ndivyo ilivyo. Lakini msomaji wa lugha ataona jambo jingine. Kilindini, Jomvu, Mtwapa na Kilifi ni miji iliyokaa juu ya maji ya ndani. Pate, Faza na Wabajuni wanatoka katika visiwa vya kaskazini ambako maisha yote hupita baina ya kisiwa na kisiwa. Ni kusema kwamba sehemu kubwa ya watu wa Mvita walijitambulisha kwa mahali ambapo vyombo vyao vilipata kinga.

Mji wa Wakilindini ulikuwa magharibi mwa kisiwa, na Wareno waliuita Tuaca. Baadaye wenyeji wake waliuacha wakahamia upande wa mashariki, karibu na Wamvita. Hapo ndipo nomino ilipoanza kuachana na maji yake. Mtu aliyekaa Mji wa Kale, kando ya bandari nyingine kabisa, aliendelea kuitwa Mkilindini, na watoto wake hali kadhalika. Kiambishi cha mahali, ambacho kazi yake ni kuonyesha mahali, kikawa sehemu ya jina la ukoo. Wasichanganywe, hata hivyo, na Wakilindi waliotawala Usambara, ambao jina lao lina historia ya peke yake huko bara.

Liko, kwa wingi maliko, ni mahali pa kushukia watu na kupandishia vyombo. Katika Kiunguja neno hilo ni diko, na kwa umbo hilo ndivyo lilivyopokelewa zaidi katika kamusi za Kiswahili Sanifu. Likoni, upande wa kusini wa mlango wa Kilindini, ni mahali penye liko. Tofauti ya liko na bandari ni ya kazi: chombo hukaa bandarini, bali mtu hushuka likoni. Bandari moja yaweza kuwa na maliko mengi, na liko laweza kuwako mahali pasipofaa kuwa bandari. Forodha ni neno la tatu katika jamii hiyo, nalo lataja mahali ambapo mali ilitozwa ushuru. Gati, ambalo limeletwa na uhusiano na Bara Hindi, ni ukuta au jukwaa la kufungia meli. Maneno haya manne yote yaweza kutumika kwa ukingo mmoja wa maji, kila moja likitaja shughuli yake.

Makupa, kwa upande wake, palikuwa kivuko. Hapo maji ya Tudor na yale ya Port Reitz hukaribiana mno, na maji yakipwa watu waliweza kuvuka kwa miguu. Historia imehifadhi siku moja iliyoonyesha maana ya mahali hapo. Mwaka 1589 Wazimba walikuwa wamesimama bara wakikitazama kisiwa, huku vyombo vya Mir Ali Bey, amiri wa Kituruki, vikikilinda kivuko. Kundi la merikebu za Wareno chini ya Tomé de Sousa Coutinho lilipovishinda vyombo hivyo, mlinzi wa maji akaondoka, na Wazimba wakavuka wakauangamiza mji. Wareno wenyewe, baada ya kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walijenga ngome ndogo huko Makupa kwa sababu ile ile. Jina Makupa hufanana na kitenzi kupwa, na ni rahisi kusema kwamba limetoka hapo; lakini mfanano wa sauti peke yake hautoshi kuwa ushahidi, na w iliyokosekana yadai maelezo. Hoja ya makala haya haitegemei asili hiyo. Yatosha kwamba mahali palipojulikana kwa kazi yake, yaani kuvukwa maji yapwapo, palikuwa na jina lake pekee.

4. Hori, ghuba na bandari

Maneno yaliyotajwa katika sehemu iliyopita mengi ni ya Kibantu. Jamii ya pili ni ya maneno yaliyokuja na biashara ya Bahari ya Hindi. Bandari ni neno la Kiajemi lililopitia Kiarabu. Ghuba ni la Kiarabu, na katika pwani za Omani hutaja maji mapana yaliyoingia baina ya rasi mbili. Hori ni khawr ya Kiarabu, neno linaloonekana katika majina ya Ghuba ya Omani kama Khor Fakkan, na katika mikono mirefu ya bahari iliyoingia baina ya milima ya Musandam.

Kwa upande wa sauti, mabadiliko ya khawr kuwa hori ni ya kawaida kabisa. Kh ya Kiarabu hugeuka h katika Kiswahili, kama ilivyo katika habari na hatari. Mfuatano wa aw hugeuka o, kama katika hodhi iliyotoka hawdh na lozi iliyotoka lawz. Na irabu i huongezwa mwishoni. Hakuna hatua hata moja inayohitaji kubuniwa kwa ajili ya neno hili pekee.

Lakini hori limepatwa na msiba ambao hodhi na lozi hayakupatwa nao. Katika Kiswahili yapo maneno mengine yenye umbo hilo hilo. Hori ni mtumbwi mdogo, neno lililoenea pwani za Arabuni na Bara Hindi kwa vyombo vya namna hiyo. Hori pia ni chombo cha kulishia ng'ombe, na huenda maana hii imetokana na ile ya mtumbwi kwa sababu ya umbo la gogo lililochimbwa. Kwa hiyo msemaji asiyekaa baharini husikia hori akafikiri zizi la ng'ombe, na mvuvi husikia hori akafikiri chombo. Maana ya tatu, ya mkono wa bahari, imebaki kuwa dhaifu kuliko nyingine zote. Ni jambo la kawaida katika historia ya maneno kwamba maneno mawili yakigongana kwa sauti, lile lisilotumika kila siku ndilo linalopisha njia.

Ghuba nalo lilipata bahati iliyo kinyume cha hiyo. Lilikuwa neno la mabaharia wa safari ndefu, nalo lilifaa sana kutafsiri majina ya ramani za dunia. Ghuba ya Uajemi, Ghuba ya Chwaka katika Unguja na Ghuba ya Ungwana kaskazini mwa Malindi ni majina yaliyokwisha kuzoeleka. Hili la mwisho lina mafunzo: ramani za wageni ziliyaita maji hayo kwa jina la Kireno, Formosa, na baadaye jina la Ungwana likachukua mahali pake. Hata hivyo upana wa neno ndio udhaifu wake. Ghuba likitumika kwa maji yenye mamia ya maili na pia kwa maji ambayo mtu aweza kuita ng'ambo akasikika, halimwambii baharia jambo lolote.

Kaskazini, katika visiwa vya Lamu, mgawanyo umeendelea kuwa mkali zaidi. Njia nyembamba ya maji baina ya kisiwa cha Manda na bara, ipitayo katikati ya mikoko, huitwa Mkanda. Neno la ukanda wa kufungia kiunoni limetumiwa kwa maji ambayo chombo hupita kwa kusubiri kujaa. Maji hayo si ghuba, hori wala mto, na ramani haina budi kuyaita kwa jina lake.

5. Ramani, bandari mpya na mtaa mpya

Mnamo Februari 1824 nahodha W.F.W. Owen, aliyekuwa akipima pwani ya Afrika kwa niaba ya serikali ya Uingereza, aliafikiana na Wamazrui waliotawala Mombasa kuuweka mji chini ya himaya ya Waingereza. Himaya hiyo haikudumu, maana ilikwisha mwaka 1826, lakini ramani ilidumu. Luteni John James Reitz, aliyeachwa Mombasa kuwa gavana, alifariki katika mwaka huo huo wa 1824, na jina lake likabaki juu ya maji ya kusini-magharibi. Leven, iliyokuwa meli ya Owen, na Andromache, meli nyingine ya kivita iliyofika wakati huo, ziliacha majina yao juu ya miamba ya mlangoni. Maji ya kaskazini yakaandikwa Tudor.

Haifai kusema kwamba majina hayo yaliyafuta ya wenyeji kwa siku moja. Ramani ilikuwa ya mabaharia wa kigeni, na wenyeji hawakuihitaji ili wafike Jomvu. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuhamia Rabai mwaka 1846, aliyajua maji hayo ya kaskazini kwa kupita humo, na kamusi yake iliyotolewa mwaka 1882 ina utajiri mwingi wa Kimvita. Lakini ramani ina nguvu ambayo usemi hauna: hutaja maji kwa umbo lake na kwa jina la mtu, na haijali kupwa wala kujaa. Tudor na Reitz hayana maana yoyote ndani ya Kiswahili. Hayamwambii mtu kama maji yana kilindi au wangwa.

Badiliko kubwa lilikuja na reli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza mwaka 1896 upande wa Kilindini, kwa sababu meli za moshi zilihitaji kina ambacho bandari ya mashariki haikuweza kuwapa. Mnamo 1926 gati za kwanza za maji marefu zilianza kutumika huko. Sababu iliyowafanya watu wa kale wapaite mahali hapo kilindini ndiyo iliyowafanya wahandisi wapachague. Bandari ya mashariki ikaachiwa majahazi yaliyokuja na kaskazi, na kwa kuwa ilikuwa ya pili sasa, ikaitwa Bandari ya Kale.

Majengo ilikua kutokana na badiliko hilo. Wenye ardhi walikodisha viwanja, wapangaji wakajenga nyumba za Kiswahili na kulipa kodi ya ardhi, na vyumba vikakaliwa na watu wa kila asili: Waswahili wa Mvita, Wamijikenda, na wafanyakazi waliotoka bara. Katika Januari 1947 makuli pamoja na wafanyakazi wengine wa Mombasa walipogoma, kazi ilisimama katika mji wote, na hapo ikadhihirika jinsi mitaa ya nchi kavu ilivyoishika bandari. Kwa mtu aliyetoka bara akapanga chumba Majengo, Kilindini ilikuwa ni jina la mahali pa kazi. Alilipokea zima zima, kama alivyopokea Nairobi au Kisumu. Akasema bandari ya Kilindini bila ya kuona kwamba amesema bandari ya mahali penye kina. Likoni ikawa ng'ambo ya feri, na neno feri likachukua kazi ya kivuko na ya liko kwa pamoja.

Haifai kuliita jambo hili ujinga. Ndiyo njia ya kawaida ya nomino kuwa jina. Mfano wake mwingine uko Unguja, ambako mkono wa bahari ulitenga Mji Mkongwe na mitaa ya upande wa pili. Upande huo ukaitwa Ng'ambo, na mahali palipokuwa na daraja pakaitwa Darajani. Maji hayo yalifukiwa hatua kwa hatua hata yakatoweka katika karne ya 20, lakini Ng'ambo ni Ng'ambo hata leo, na sokoni Darajani hakuna maji ya kuvuka. Jina lina uwezo wa kukitunza kitu kilichokwisha kuondoka. Lisiloweza kukitunza ni ile maana ya jumla ambayo ingemwezesha msemaji kulitumia neno hilo kwa kitu kingine cha aina hiyo.

6. Usanifishaji na hasara yake

Mkutano wa mwaka 1928, ambao ulifanywa Mombasa penyewe, uliafiki Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ikaanza kazi. Mabishano juu ya haki ya Kimvita yamekwisha kuandikwa mara nyingi na hayana haja ya kurudiwa. Jambo linalohusu makala haya ni dogo zaidi. Maneno ya fasihi ya Kimvita yalikuwa na watetezi, kwa kuwa mashairi yaliyatunza. Maneno ya sarufi yalikuwa na watetezi pia. Maneno ya maji hayakuwa na mtetezi, kwa kuwa watumiaji wake, yaani manahodha, wavuvi na wachukuzi, hawakuitwa mkutanoni.

Vitabu vya shule vilipotungwa, mpango wa maana uliofuatwa ulikuwa ule wa jiografia ya Kiingereza, ambayo huyapanga maji ya ndani kwa upana na umbo: yaliyo makubwa, yaliyo ya wastani, yaliyo membamba na marefu. Maneno ya Kiswahili yakatafutwa ya kujaza visanduku hivyo. Ghuba likawekwa katika viwili vya kwanza. Hori au mkono wa bahari katika cha tatu. Kilindi, liko, wangwa, mkanda na mto wa maji ya chumvi yakakosa kisanduku, kwa sababu hayakuwa majibu ya swali lililoulizwa. Kamusi ya Charles Sacleux ya mwaka 1939 iliyakusanya mengi ya maneno ya lahaja, lakini ni ya Kifaransa na haikuingia madarasani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotolewa mwaka 1981, ilikuwa hatua kubwa kwa kuwa ilieleza Kiswahili kwa Kiswahili. Hata hivyo kazi ya kueleza maneno ya bahari kwa mpangilio wa bahari yenyewe bado imebaki.

Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa hata alipofariki mwaka 2017, alionyesha njia moja. Katika Sambo ya Kiwandeo, utenzi uliochapishwa Leiden mwaka 1979, aliyahifadhi maneno ya uundaji wa vyombo kwa kufuata kazi yenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Msomaji huliona kila neno mahali ambapo fundi huliona. Alishikilia pia kwamba istilahi mpya zitafutwe kwanza ndani ya lahaja. Si kila neno alilolipendekeza lililokubalika, lakini kanuni ya kuanza na kazi kabla ya neno yafaa sana kwa maji ya ndani.

7. Hitimisho

Ushahidi uliotolewa waelekea upande mmoja. Waswahili wa Mvita walikuwa na mpango kamili wa kuyataja maji yaliyohifadhika, na mpango huo ulijengwa juu ya maswali matatu: maji yana kina gani na katika saa gani, yamekingwa na nini, na mtu hufanya nini hapo. Kilindi na wangwa hujibu swali la kwanza. Mlango, mkanda na bandari hujibu la pili, na sehemu ya la tatu. Liko, kivuko, forodha na gati hujibu la tatu. Hori na ghuba, yaliyokuja kwa njia ya bahari, yaliingia ndani ya mpango huo bila ya kuuvunja. Uliovunja ni utaratibu wa kutafsiri kutoka lugha ya ramani.

Kwa watunga kamusi matokeo yake ni haya. Kuandika kwamba hori ni ghuba ndogo si kueleza, maana maneno hayo mawili hayatofautiani kwa ukubwa peke yake. Maelezo yapaswa kusema kama maji ni ya bonde la mto lililofunikwa na bahari, kama hukauka yapwapo, na chombo gani huweza kuingia. Mto katika maana ya pwani lipewe nafasi yake pasipo kuhesabiwa kosa. Liko liandikwe kando ya diko kama neno lililo hai katika jina la mahali panapovukwa na maelfu ya watu kila siku. Na majina kama Kilindini na Likoni yatumiwe madarasani kuwa ushahidi wa nomino zilizomo ndani yake, ili mtoto wa Majengo, ambaye huyataja kila siku, ajue kwamba anataja maarifa.

Mwaka 2022 daraja jipya lilifunguliwa Makupa mahali palipokuwa na tuta la udongo na mawe. Kwa miaka mingi tuta hilo lilikuwa limeyazuia maji ya Tudor na Port Reitz yasikutane, na kwa hiyo Mombasa haikuwa kisiwa ila kwa jina. Chini ya daraja maji yameanza tena kupita, yakipwa na kujaa kama yalivyokuwa wakati wa Wazimba. Wahandisi wameyarudisha maji. Kazi ya kuyarudisha maneno yake imo mikononi mwa wataalamu wa lugha.